Ibilisi Yupi

Ninyi mnalijua kanisa hili kwa shingo,
mkiinua macho kwenye mbavu za paa.
Mimi nalijua kwa magoti na vidole.
Miaka kumi na tisa nazibua michirizi yake
kila Kakamega inapomwaga mvua ya saa kumi,
mvua ya mawe, isiyobisha hodi.

Ukiwa huku juu, matao si mikono inayosali.
Ni kazi. Tofali linamwegemea jirani,
jirani anamwegemea wa tatu,
wote wanataka kuanguka,
na kwa kuwa wote wanataka, haanguki mtu.
Hivyo alifundisha Bruda Hubertus, mtu wa timazi,
Mholanzi wa suruali moja.
Siku walipong'oa kiunzi chini ya tao la kwanza
alivuta kigoda, akaketi papo hapo chini yake
na kuwasha kiko hadi vumbi likatulia.
Waashi hawakusema kitu.
Walihesabu mishipa ya shingo yake.

Vioo vilikuja kwa meli, kisha kwa gari moshi hadi Kisumu,
kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, vimelazwa kwenye nyasi kavu.
Kimoja kilifika vigae.
Ndiyo maana joho la Mariamu lina kiraka cha chupa ya bia,
na saa tatu asubuhi kiraka hicho
huangukia benchi la kwaya, sauti ya pili:
Mama Agripina huimba Gloria na uso wa shaba.
Kinanda kililiwa na panya wenye subira.
Mimbari ya mvule bado hunuka msitu siku za unyevu.
Kizimba cha kitubio kina tundu moja pana kuliko mengine.
Sijaulizwa. Sitasema.

Sasa michirizi.
Ipo minane. Saba ni vinywa vitupu.
Wa nane, upande wa sakristia, una uso.

Bruda alishuka hadi Ilesi, kwa wafinyanzi,
akamkuta Mideva mikono ikiwa ndani ya udongo.
Wiki ile liguru alikuwa ameswaga mbuzi wake
kwa kodi ya kibanda,
na kibanda chenyewe kinavuja.
"Nifinyangie kichwa cha ibilisi, mdomo wazi."
"Ibilisi yupi?"
Bruda akacheka. Alidhani ni swali la katekisimu.

Mfinyanzi hulia gaeni, wamesema.
Huyu hakulia gaeni wala hakulia machozi.
Alichoma kichwa kwa moto wa nyasi usiku mmoja
na kukipeleka kimefunikwa kwa jani la mgomba:
pua iliyolala kushoto,
nyusi yenye kovu,
jino moja limempanda mwenzake.

Siku ya kubariki kanisa liguru alikuja na koti.
Akasimama upande wa sakristia, penye kivuli.
Mvua ikashuka,
naye akatazama juu, akajiona akitapika.
Hakuna aliyecheka. Walikimeza kicheko
wakaenda kukicheua nyumbani,
na kimecheuliwa hadi kikanifikia mimi.

Jumapili iliyopita kamati imetangaza:
sanamu ya kipagani ing'olewe, liwekwe bomba la plastiki.
Aliyesoma tangazo ni mwenyekiti.
Nilikuwa benchi la tatu.
Niliitazama pua yake
ikisoma, imelala kushoto.

Leo nipo ngazini, patasi mkononi,
uso kwa uso na mzee wake.
Kinywani mwake kuna kiota cha mbayuwayu,
mpira wa mtoto, majani ya mikaratusi.
Kiota nakiacha, kipo pembeni.
Majani nayatoa, konzi kwa konzi,
hadi koo linabaki safi.

"Umefika?" anaita mwenyekiti kutoka chini,
kiganja juu ya nyusi, mdomo wazi.
Wingu limeshatoka Nandi. Nalisikia kwenye mabati ya shule.

"Bado kidogo," namjibu.
"Sogea kulia, mheshimiwa, nikuone vizuri.
Kidogo tena.
Hapo. Hapo hapo."